Fadhila Hazina Risiti

Orodha ya wachezaji 15 ambao Kenya iliwapeleka kwenye Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003 inasomeka kama daftari la michango ya harusi: ukishuka mstari mmoja unakutana na jamaa wa yule wa juu. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu. Martin Suji na Tony Suji ni ndugu. Nahodha Steve Tikolo alikulia nyuma ya kaka zake, Tom na David, ambao nao walishika gongo kabla yake. Hitesh Modi, mpigaji wa mkono wa kushoto, baba yake Subhash alikuwa mwamuzi wa kimataifa. Wanaume watano kati ya 15 walitoka nyumba mbili tu, na timu hiyo ndiyo iliyofika nusu fainali ya dunia. Hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test, daraja la juu kabisa la kriketi, iliyowahi kufika hapo.

Tangu wakati huo Wakenya hawaachi kuulizana timu ile iliishia wapi. Jibu linalopendwa vijiweni ni kwamba pesa ziliharibu kila kitu. Lina ukweli ndani yake, ila linaliruka swali linalotangulia. Kabla pesa hazijafika, watu wale waliunganishwa na nini?

Waliunganishwa na fadhila. Ndiyo iliyoujenga mchezo, na kwa maoni ya safu hii, ndiyo iliyouangusha.

Kriketi ya Afrika Mashariki ililetwa na wakoloni ikatunzwa na Wahindi. Enzi za Mwingereza, mechi kubwa za Nairobi zilipangwa kwa tabaka na kwa rangi: maofisa wa serikali dhidi ya walowezi, kisha Waasia dhidi ya Wazungu. Mwafrika alikuwapo uwanjani, lakini kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kuvuta rola na kuokota mpira ulioruka ua. Hata klabu zenyewe zilifuata dini na jamii. Waismaili walikuwa na Aga Khan, Waislamu wengine wakawa na Sir Ali, Masingasinga na Sikh Union ambayo baadaye iligeuka Simba Union, Wahindu na Swamibapa. Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa bila kucheza mechi hata moja akiwa upande mmoja na mtu wa msikiti au hekalu lingine.

Nyingi za klabu hizo zilikuwa Ngara, Pangani na Parklands, karibu na mitaa ambayo familia za Waafrika zilihamia baada ya uhuru. Watoto walichungulia uani. Mpira ukitoka nje walikimbia kuurudisha, na baada ya kuurudisha mara nyingi wakaanza kuurusha wao. Wakubwa wa klabu hawakuwa vipofu. Kijana mwenye mkono mzuri aliitwa ndani, akapewa viatu vilivyochakaa, nauli, chai na mkate, na akizidi kung'aa, kibarua katika duka au kampuni ya mmoja wa wanachama. Jumapili anaichezea klabu ya tajiri wake, Jumatatu yuko dukani kwake.

Mpango huo usidharauliwe. Ulitoa vipaji kwa miaka 30, ulivunja kuta ambazo siasa ilishindwa kuzivunja, na ndani yake kulikuwa na mapenzi ya kweli. Wapo wazee wa Kihindi waliowalipia karo vijana wa Kijaluo bila kumtangazia mtu. Lakini fadhila ina masharti yasiyoandikwa. Aliyepewa hawezi kudai. Aliyetoa hahesabiwi. Siku wakikosana, hakuna karatasi ya kupeleka popote.

Mfumo huo ulizaa matunda mapema. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya iliyokuwa ikishiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza ilipiga mikimbio 166, idadi ambayo West Indies wangeweza kuifikia bila kutoka jasho. Katika hiyo 166, fungu kubwa kuliko la mpigaji yeyote lilikuwa 37 za zawadi, zilizotokana na makosa ya Wakaribi wenyewe. Kisha Rajab Ali akamrushia Brian Lara mpira, Lara akaugusa kidogo tu, na mlinda wiketi Tariq Iqbal akaudaka. Lara alikuwa na mikimbio minane. West Indies, mabingwa mara mbili wa dunia, walimalizwa kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15 na kuwa mchezaji bora wa mechi.

Timu ile ingestahili kupigwa picha na kutundikwa madarasani. Dipak Chudasama alikuwa daktari wa meno, aliyekuwa akifunga kliniki yake ili akacheze. Mwaka uliofuata yeye na Kennedy Otieno walifungua dimba dhidi ya Bangladesh jijini Nairobi wakajenga mikimbio 225 kabla wiketi ya kwanza kuanguka, rekodi ya dunia kwa wafunguaji wakati huo. Mhindi mwenye digrii na Mjaluo wa mtaani wakikimbizana kati ya wiketi mchana kutwa, kila mmoja akiisikiliza sauti ya mwenzake ili ajue kama akimbie au abaki. Katika kriketi, ukimwamini mwenzako vibaya unatoka wewe.

Dunia ikaanza kupita Nairobi. Oktoba 1996, kwenye uwanja wa Gymkhana, kijana wa Kipakistani aitwaye Shahid Afridi aliwapiga Sri Lanka mia moja kwa mipira 37, akitumia gongo la Sachin Tendulkar aliloazimwa. Mwaka 2000 uwanja huohuo ukaandaa mashindano ya mataifa makubwa, New Zealand wakaifunga India katika fainali. Kampuni za televisheni za Asia zikagundua kwamba saa za Nairobi na za Mumbai hazipishani sana, kwa hiyo mechi ya Kenya mchana ni burudani ya jioni India. Pesa zilianza kunukia.

Halafu likaja kombe la 2003, lililoandaliwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama, miezi michache baada ya shambulio la kigaidi la Kikambala, karibu na Mombasa, na pointi zikaenda kwa Kenya bila mpira kurushwa. Wenye wivu waling'ang'ania hilo, kana kwamba Kenya haikucheza mechi nyingine. Tarehe 24 Februari, kwenye Gymkhana hiyohiyo, Sri Lanka walikuja na walichapwa kwa mikimbio 53. Collins Obuya, mrushaji wa mpira wa kupinda, alichukua wiketi tano kwa 24. Bangladesh, waliokuwa wamepewa hadhi ya Test miaka mitatu kabla, wakafungwa Johannesburg. Zimbabwe wakafungwa Bloemfontein.

Lakini siku inayoeleza kriketi ya Kenya kuliko zote ni ambayo Kenya ilishindwa. Tarehe 15 Machi 2003, Durban, dhidi ya Australia. Kenya ilikuwa imepiga 174, na Brett Lee alikuwa amewatoa watu watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Adam Gilchrist akaja akapiga 67 kwa mipira 43, na watazamaji wakaanza kutafuta funguo za gari. Hapo Tikolo akampa mpira Aasif Karim.

Karim alikuwa na miaka 39. Alikuwa mtu wa bima, mzaliwa wa Mombasa, aliyewahi kuichezea Kenya tenisi ya Davis Cup. Kriketi alikuwa ameshastaafu baada ya kombe la 1999, akarudishwa kwa kuombwa. Hakuwa na kasi. Alikuja kwa hatua chache, akauachia mpira polepole kwa mkono wa kushoto, ukaenda hewani kama usio na haraka ya kufika. Ricky Ponting, nahodha wa mabingwa wa dunia, mpira ukampata mguuni akatoka. Darren Lehmann akadakwa na mlinda wiketi. Brad Hogg akaurudisha mpira mikononi mwa Karim mwenyewe. Ova baada ya ova, kila moja mipira sita, zilipita bila mkimbio. Kufikia mwisho alikuwa amerusha ova nane na mipira miwili, sita kati ya ova hizo hazikutoa kitu, mikimbio saba tu kwa jumla, wiketi tatu. Australia walishinda, ila mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim. Baada ya mashindano alirudi kwenye bima zake.

Siku tano baadaye, uwanja huohuo, India walipiga 270, Sourav Ganguly akiwa na 111 na Tendulkar 83. Kenya ikafika 179, Tikolo akipambana mpaka 56. Ndoto iliishia hapo, lakini timu ilirudi nyumbani ikiwa imeshaingia kwenye vitabu vya dunia.

Sasa ndipo hesabu zilipoanza. Mtu aliyezoea nauli na chai alikuwa ameonekana kwenye televisheni na mamilioni ya watu. Alijua kwamba mashindano yale yaliingiza fedha, na alijua kwamba chama chake kilipata fungu. Alitaka kujua ni kiasi gani na chake ni kipi. Swali hilo ni la haki kabisa, isipokuwa liliulizwa katika nyumba ambayo haikuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. Viongozi walilisikia kama utovu wa adabu: sisi tuliokuokota uani, leo unatudai? Wachezaji nao wakaona kila mtoaji fadhila ni mwizi aliyejificha. Pande zote mbili zilikuwa zikijibu jambo la miaka 30 iliyopita.

Mwaka 2004 wachezaji waligoma kudai malipo. Mwaka 2005, baada ya mvutano mrefu uliohusisha serikali, chama cha zamani kiliondolewa na chama kipya, Cricket Kenya, kikashika usukani. Wakati huo wote mataifa makubwa hayakuja. Kenya ilikuwa imeiomba dunia hadhi kamili; ikapigwa kalenda. Timu iliyofika nusu fainali ikakaa miezi na miezi bila mechi ya maana, na mchezaji asiyecheza ana muda mwingi wa kugombana.

Kuna mtu mmoja ambaye ndani yake mambo manne, mchezo, jamii, mahusiano na pesa, yalikutana kwa uchungu. Maurice Odumbe alikuwa shujaa wa Pune. Alikuwa mtanashati na msemaji, mtu wa kumbi za starehe aliyejulikana hata na wasiojua ova ni nini. Mwaka 2004 Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilimfungulia mashtaka ya kuwa na uhusiano usiofaa na watu wa kamari, na shauri likasikilizwa na Jaji Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe. Ushahidi mzito haukutoka uwanjani. Ulitoka kwenye maisha yake ya faragha, na miongoni mwa mashahidi alikuwa aliyekuwa mke wake. Safari, hoteli, zawadi na fedha, mambo ambayo mtu hudhani yamebaki chumbani, yaliletwa mezani moja moja. Odumbe alikana. Agosti 2004 alifungiwa miaka mitano.

Wengi walimcheka, na wengine wakamlaani mwanamke. Kumlaani mwanamke ni upuuzi. Mtu akiitwa mbele ya jaji kusema alichokiona, hakuna sheria ya ndoa iliyovunjika inayomtaka afunge mdomo. Kinachostahili kutazamwa ni jinsi watu wa kamari wanavyofanya kazi, maana hawaji na bunduki. Wanakuja kama marafiki. Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini aliyekiri mwaka 2000 kwamba alipokea fedha zao, alisimulia jinsi alivyotambulishwa kwa watu hao na watu aliowafahamu. Miongoni mwa alivyopokea lilikuwamo koti la ngozi. Ndivyo ilivyo. Kwanza chakula cha jioni, kisha zawadi ndogo, kisha swali dogo kuhusu hali ya uwanja kesho. Mchezaji aliyelelewa kwa fadhila tangu utotoni, anayelipwa kwa kukumbukwa badala ya mkataba, atautambuaje mkono huo mpya kuwa tofauti na ule uliomvalisha viatu akiwa mtoto? Hilo halimsafishi yeyote. Linaonyesha tu mlango ulikuwa wapi.

Na siku hizi mlango huo uko kila mfuko. Kijana wa Nairobi, Kisumu au Dar es Salaam anaweka mkeka kwa simu akiwa kwenye matatu au daladala, na kampuni zinampa nafasi ya kubashiri hata mechi za nchi ambazo hajui bendera zake. Kriketi inawafaa sana watu wa kamari kwa sababu kila mpira ni tukio linalojitegemea, na mechi ya ova 20 kwa kila upande ina mipira 240 ya kawaida. Mtu hahitaji kuuza mechi nzima. Mpira mmoja unatosha, na hata mke hawezi kujua.

Baada ya kifungo Odumbe alirudi uwanjani mwaka 2009 kwenye ligi ya Nairobi, umri ukiwa umeshamkimbia. Mwaka 2018 Kenya ilishika mkia katika mashindano ya daraja la pili ya dunia nchini Namibia. Nahodha Rakep Patel, kocha Thomas Odoyo na rais wa chama Jackie Janmohamed wakajiuzulu kwa mkupuo. Aliyeitwa kuwa kocha ni Odumbe. Kuna waliokasirika. Ukweli ni kwamba jamii ndogo haina watu wa kutupa, na mtu aliyetumikia adhabu yake ana haki ya kufundisha vijana, tena huenda akawaambia mambo ambayo hayamo kwenye vijitabu vya maadili vya ICC.

Upande wa pili wa Odumbe kuna Subhash Modi, na inashangaza kwamba habari zake hazisimuliwi mara nyingi zaidi. Agosti 2006 Kenya ilikuwa ikicheza na Bangladesh jijini Nairobi. Mwanawe Hitesh alikuwa kwenye wiketi. Mpira ukampiga mguuni, wachezaji wa Bangladesh wakageuka kwa mwamuzi wakipiga kelele. Mzee Modi akainua kidole. Hitesh akaliweka gongo kwapani akaondoka, ametolewa na baba yake mzazi mbele ya umati. Jinsi chakula cha usiku kilivyokuwa nyumbani kwao ni siri yao. Lakini mtu anayetaka kujua kama undugu na kanuni vinaweza kukaa uwanja mmoja, jibu lilitolewa siku ile, bila posho ya ziada.

Wakati Kenya ikigombana, pesa za kriketi duniani zilikuwa zikihama kwa kasi ya ajabu. Ligi ya India, IPL, ilianza mwaka 2008, na haki za kuitangaza kati ya 2023 na 2027 ziliuzwa kwa zaidi ya dola bilioni sita. ICC yenyewe inagawa kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 600 kwa mwaka katika kipindi cha 2024 hadi 2027. India peke yake inachukua asilimia 38.5. Nchi zaidi ya 90 zisizo na hadhi kamili, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, zinagawana kama asilimia 11 zote pamoja. Wanaotetea mgao huo husema India ndiyo inayoleta fedha, na hawakosei. Ila Kenya ilikuwa imebakiza mechi moja ifike fainali ya dunia, na nchi hiyohiyo ikapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja mwaka 2014. Kombe la Dunia lilipunguzwa kutoka timu 14 hadi 10 mwaka 2019. Mwenye mali aliamua kufunga geti, akisingizia ubora wa mchezo.

Na Kenya yenyewe ilikuwa imempa kisingizio. Februari 2011, Chennai, timu nzima ilitolewa kwa mikimbio 69 na New Zealand, walewale waliokataa kuja Nairobi. Mwezi uliofuata, dhidi ya Australia, Collins Obuya alipiga 98 bila kutolewa. Ova ziliisha akiwa amepungukiwa na mikimbio miwili kufika mia. Miguu na magoti yalikuwa yamemsumbua tangu alipopata mkataba wa Warwickshire baada ya kombe la 2003, urushaji wake ukafifia, naye akajifunza upya kuishi kwa gongo. Alistaafu mwaka 2024. Mtu aliyebaki miaka zaidi ya 20 kwenye timu inayoporomoka hakubaki kwa ajili ya pesa, maana hazikuwapo.

Majirani walitazama, na wengine walijifunza. Uganda ina desturi ya zamani ya kriketi ya shule, kuanzia Busoga College Mwiri hadi King's College Budo, kwa hiyo mtoto anaujua mchezo kabla ya kumjua tajiri yeyote wa klabu. Juma Miyagi, mrushaji wa kasi, alitoka mtaa duni wa Naguru. Novemba 2023, mjini Windhoek, Uganda iliifunga Zimbabwe na hatimaye ikafuzu Kombe la Dunia la T20, yaani la mechi za ova 20, la mwaka 2024, huku Kenya ikibaki nje. Huko Guyana waliwafunga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, aliyekuwa na miaka 43, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Siku chache baadaye West Indies waliwatoa wote kwa 39, na hakuna Mganda mwenye akili aliyelia sana. Hata 39 za Kombe la Dunia zinahitaji kwanza uwe umefika.

Rwanda ilianzia mbali zaidi. Mchezo uliletwa kwa sehemu kubwa na vijana waliorudi kutoka uhamishoni, Uganda na Kenya, baada ya 1994. Hawakuwa na uwanja wa maana. Mwaka 2016 nahodha wao, mhandisi Eric Dusingizimana, alisimama kwenye wavu jijini Kigali akapiga mipira kwa saa 51 ili aingie kwenye kitabu cha rekodi za Guinness na kutafuta michango. Uwanja wa Gahanga ulifunguliwa mwaka 2017. Michango hiyo nayo ni fadhila, mtu anaweza kusema, na ni kweli. Tofauti ni kwamba kilichonunuliwa kinaonekana, na hakuna mchezaji anayedaiwa shukrani binafsi kwa kukanyaga nyasi zake. Kila mwaka timu za wanawake hukutana Kigali katika mashindano ya Kwibuka, ya kukumbuka mauaji ya kimbari. Mwaka 2022 kombe lilichukuliwa na wasichana wa Tanzania, habari iliyopita magazetini bila kelele kwa kuwa siku hizo watu walikuwa na shughuli za Simba na Yanga. Mwaka 2023 wasichana wa Rwanda wenye umri chini ya miaka 19 wakawafunga West Indies kwenye Kombe la Dunia, na Henriette Ishimwe akawatoa Wazimbabwe wanne kwa mipira minne.

Laikipia, nchini Kenya, nako kuna vijana wa Kimaasai wanaocheza wakiwa wamevaa shuka nyekundu na shanga. Watalii hupenda picha zao. Wanachokizungumza wakimaliza mechi kina uzito zaidi: ukeketaji na ndoa za mapema. Kijana wa rika la moran kuwaambia wazee hadharani kwamba hataki kuoa msichana aliyekeketwa ni jambo linalohitaji moyo kuliko kumkabili Brett Lee, na mchezo ndio uliowapa jukwaa la kusema.

Oktoba 2025, jijini Harare, Kenya na Tanzania zote zilicheza nusu fainali za kufuzu Kombe la Dunia la T20 la 2026. Aliyeshinda angefuzu moja kwa moja. Namibia waliwatoa Watanzania, Zimbabwe wakawatoa Wakenya. Zote mbili zilikuwa mechi moja tu kutoka kwenye meza yenye fedha. Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walikuwa wameshafuzu Kombe la Dunia la rika lao kwa mara ya kwanza. Siku ya wakubwa kufuzu itakuja, pengine mapema kuliko viongozi wanavyodhani, na ikija itakuja na hundi ya dola.

Hundi hiyo isikute watu wakisomeana nani alimnunulia nani viatu. Vyama vya kriketi vya Kenya na Tanzania vina muda sasa hivi, kabla ya shilingi kuingia, kuandika fungu la mchezaji ni asilimia ngapi ya kila zawadi, litalipwa ndani ya siku ngapi, na nani atakagua hesabu. Wachezaji wa kike waandikiwe kiwango hichohicho. Karatasi isainiwe mbele ya wakili, na nakala moja ikae nyumbani kwa mchezaji, mahali ambapo mkewe, mumewe au mama yake anaweza kuisoma.